Neno la Kunyamazisha Mtoto

Binti yangu alizaliwa akilia, na mkunga akamsifu. Alisema ni dalili ya mapafu mazima. Baada ya miezi miwili nilitamani kumtafuta yule mkunga nimrudishie sifa zake. Mtoto alilia akiwa na njaa na akalia akiwa ameshiba. Alilia nikimbeba, nikimlaza, nikimwogesha, nikimwangalia. Nilimpeleka zahanati wakamgeuzageuza, wakanipa dawa ya tumbo, wakaniambia mtoto hana ugonjwa, hiyo ni tabia yake tu. Tabia! Mtu ambaye hata shingo yake haijakaza, tayari ana tabia.

Ila akichukuliwa na mama mkwe, tabia iliisha. Mama mkwe alimweka begani, akainamisha mdomo mpaka sikioni, akasema neno moja, na yule mtoto akanyamaza kama redio iliyong'olewa betri.

Nataka tuelewane hapo. Mimi sikufurahi. Mwingine angepiga magoti amshukuru Mungu, lakini mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo ninapoandika. Nani alibeba mimba? Nani alishonwa bila ganzi ya kutosha? Halafu anakuja mtu na neno moja, tena fupi, linaloanza midomo ikiwa imefungwa na kuishia kwenye pumzi kama unapuliza chai, na mtoto ananiangalia kutoka bega la mtu huyo kana kwamba mimi ni mgeni niliyekuja kuuza sabuni.

Niseme nilivyofika hapo. Mimi ni wa Kosele, upande wa Homa Bay, na niliolewa Sori, kando ya ziwa. Kwetu mwanamke akiolewa jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa alikotoka. Kwa hiyo pale nilikuwa Nyar Kosele, binti wa Kosele, hata kuku nadhani walinijua hivyo. Mume wangu alikuwa fundi wa redio Migori mjini, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa katika kale kanyumba kake ka ujana ndani ya boma la wazazi wake, na nilipika katika jiko la mama mkwe, kwa sababu mke mpya hana mawe yake ya kupikia mpaka mama mkwe aamue ameiva. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, Kemia nilipata alama iliyomfanya mwalimu anipe mkono, na bado nilikuwa naomba ruhusa ya kuchemsha maji.

Mwezi wa kumi na moja mume wangu alikuja na habari. Shule ya chekechea karibu na chumba alichopanga ilikuwa inatafuta mwalimu wa kuanza Januari. Alikuwa ameongea na mama mwenye shule, na yule mama alikubali nije na mtoto, amelazwa nyuma ya darasa, bora tu asiwe wa kulia. Siku moja ya kelele ataivumilia, alisema, lakini wiki nzima hapana.

Mama mkwe alikuwa anatoa magamba ya samaki. Hakuinua macho.

"Basi mtoto atabaki," akasema.

"Atabaki wapi, mama?"

"Hapa. Kwani yeye anafundisha? Mwalimu ni wewe."

Haya yote tulisemezana kwa Kijaluo. Mimi nayaweka kwa Kiswahili na yanapoteza pilipili kidogo. Na asidhani mtu kwamba mama mkwe alikuwa anasema jambo la ajabu. Kwetu mjukuu wa kwanza kukaa na nyanya ni kawaida kabisa. Anamsaidia kuchota maji akikua, analala naye, anamwondolea upweke. Kila mtu pale bomani aliitikia kwa kichwa.

"Ukienda naye atalia," mama mkwe aliendelea, "wewe utafukuzwa, na mtarudi hapa wawili na mizigo. Mwache. Hapa halii."

"Mama ana hoja," mume wangu akasema.

Nilimwangalia mpaka akakumbuka kuna kitu cha kukaza kwenye baiskeli.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama maji ya mtungi. Nikipata lile neno kabla ya Januari, naenda Migori na binti yangu na naanza kazi. Nikilikosa, nichague kimoja. Na mimi sikuwa na nia ya kuchagua.

Nilianza kwa adabu. Nilimuuliza mwenyewe.

"Mama, lile neno unalomwambia mtoto ni neno gani?"

"Neno? Aa, ni upepo tu."

"Upepo gani unanyamazisha mtoto?"

"Upepo wa mdomo mzee," akasema, akacheka. Mama mkwe amepitia mila ya zamani ya kung'olewa meno ya chini, kwa hiyo akicheka kuna mlango mkubwa katikati. Alinionyesha mlango huo kwa kidole. "Linapitia hapa, Nyar Kosele. Wewe na meno yako yote ya shule, litapitia wapi?"

Basi nikaanza upelelezi. Kama mwenyewe hataki kusema neno limetoka wapi, wengine watasema, maana pale Sori hakuna kitu watu wanapenda kama kueleza jambo wasilolijua.

Nilianza na jirani yetu, mke wa shemeji yake mama mkwe, mwanamke wa kanisa la kanzu nyeupe, anayefunga kilemba hata akienda kukata kuni. Yeye alisema lile ni jina la malaika. Lilifunuliwa kwa mama mmoja wa kanisa lao aliyekuwa amezimia kwenye maombi, na halitamkwi mtu akiwa amevaa viatu. Nilimuuliza, ikiwa ni la kanisa lao, mbona mama mkwe ni wa kanisa lingine?

"Malaika hana kadi ya kanisa," akanijibu, akaenda zake.

Halafu nikaenda kwa babu yake mume wangu, tunayemwita kwaro, mdogo wa marehemu babu mwenyewe, mzee aliyepigana Burma na hataki usahau. Alinisikiliza, akajifuta mdomo, akasema lile neno ni lake. Alilileta yeye. Huko Burma kulikuwa na askari wa Kihindi waliochunga nyumbu waliobeba risasi, na nyumbu wakigoma mlimani, askari anawanong'oneza hilo neno wanatulia. Alipotoka vitani alilitumia kwa mke wake.

"Kwa mke wako, kwaro?"

"Alikuwa na kelele. Wewe hukumkuta."

Alisisitiza kunionyesha. Nyumbu hatukuwa nao, akamwendea punda wa jirani aliyefungwa mtini, akamshika sikio, akamnong'oneza. Punda alisimama kidogo kama anayefikiri, kisha akajamba.

"Umeona," mzee akasema. "Amekubali."

Nilitafuta hata kwenye kamusi ya shule niliyokuwa nayo tangu sekondari. Nilipita herufi yake ya kwanza yote kwa kidole, kutoka juu ya ukurasa hadi chini, neno halimo. Katika Kijaluo halina maana, katika Kiswahili halimo, Kiingereza usiseme. Mume wangu alinikuta na kamusi nimeinama, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta maana ya neno "mume".

Siku moja nilifuatana na yule jirani wa kilemba kwenda Muhuru Bay, anakonunulia omena za kuuza. Ule ulikuwa wakati magugu maji yameanza kuziba fukwe, mitumbwi inasukumwa kama inapita katikati ya shamba la sukuma wiki. Wakati yeye anabishana bei, mimi nilikaa na wanawake waliokuwa wanageuza omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Nilimweka binti yangu mapajani, naye kwa hisani yake akaanza kulia, na hiyo ikanipa njia ya kuuliza. Nilinong'ona lile neno. Je, huku mnalijua?

Mmoja wao, mwenye mikono iliyong'aa magamba mpaka viwiko, akaniangalia.

"Umepewa?"

"Nimesikia."

"Umesikia," akawaambia wenzake, na wote wakarudi kugeuza omena kana kwamba nimeuliza njia ya kwenda chooni. Baadaye kidogo ndipo aliniambia, bila ubaya, "Kila nyumba ina lake, min nyathi, mama mtoto. Hilo si la hapa. Na usilisemeseme hivyo, utalichubua."

Utalichubua! Neno si kiazi.

Tayari mmeelewa kwamba nilikuwa nimelisikia. Bila shaka nililisikia. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko mama mkwe akiwa ndani na mtoto, sikio kwenye udongo, siku baada ya siku, mpaka nikalishika lote, na mpando wake na mshuko wake. Nikalifanyia mazoezi nikienda kuteka maji. Wanaosema huo ni wizi waseme. Mtoto ni wangu na sikio ni langu.

Kulijaribu pale bomani niliogopa, nisije nikasikika. Basi nikaaga, nikasema naenda Kosele kumwona mama yangu, nikapanda gari na mtoto mgongoni, mkoba wa nepi mkononi, na neno mdomoni.

Mama yangu alitupokea kwa shangwe, akambeba mjukuu, akampigia vigelegele, na mjukuu akajibu kwa sauti iliyofanya ng'ombe wanyanyue vichwa. Nikasema, mama, nipe, utaona kitu. Nikamweka begani. Nikavua viatu, maana hata kama huamini, unavua. Nikainamisha mdomo sikioni mwake, nikalisema.

Alilia zaidi. Nikalisema tena, polepole. Akajipinda kama samaki aliyetolewa majini, akanipiga ngumi ya pua, akalia kwa mtindo mpya ambao alikuwa hajawahi kuutumia.

Mama yangu alikuwa amekaa anamenya viazi vitamu. Kisu kilikuwa kimesimama.

"Hilo ni nini umesema?"

"Ni neno la mama wa Sori. La kunyamazisha."

"Alikupa?"

Hapa tena.

"Nilisikia, mama. Neno likisemwa mbele ya mtu si linasikika?"

"Yawa!" Akaweka kisu chini. "Umetoka na kitu cha nyumba ya watu bila kuaga, ukakileta mpaka kwangu, ukakifungulia kwenye jiko langu. Hivi huko sekondari walikufundisha nini?"

"Kemia."

"Basi mnyamazishe na hiyo."

Alipomaliza kunikaripia ndipo akanieleza. Maneno kama hayo hayaokotwi, hutolewa. Mwenye nalo huliweka mikononi mwa mke wa mwanawe, siku anayotaka mwenyewe, na akishalitoa linamtoka. Hawezi tena. Akilisema baada ya hapo ni sauti tu, kama nilivyotoa mimi. Na aliyeliiba anapata hiyohiyo sauti tu.

"Wewe umejuaje yote haya?"

Akaokota kiazi. "Mimi ninalo la mama ya baba yako. La mtu aliyekwama mwiba wa samaki kooni."

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo nimeishi naye, nimekwama miiba sijui mara ngapi, nikapigwapigwa mgongoni na kulishwa matonge ya ugali makavu, na kumbe kila mara alikuwa ananong'ona kitu nyuma ya kichwa changu.

"Na utanipa lini?"

"Wewe? Sikupi. Nitampa mke wa kaka yako."

"Yule?"

"Ndiye wa nyumba hii. Wewe uliondoka."

"Yule hata samaki hajui kupaa!"

"Ndiyo maana atalihitaji," mama yangu akasema.

Nimesema nina hasira. Sasa mnajua ni ngapi. Nina mama mzazi mwenye neno asiyetaka kunipa kwa sababu niliolewa, na nina mama mkwe mwenye neno asiyetaka kunipa kwa sababu nataka kuondoka. Nilikula viazi vile bila chumvi.

Kabla sijaondoka Kosele nilimuuliza mama swali moja tu. "Na ukishampa, wewe utakuwa nani mtu akikwama mwiba?"

Alifikiri. "Nitakuwa mtu wa kuangalia," akasema, na hakucheka.

Nilirudi Sori nimejiandaa kupigana. Nilimkuta mama mkwe jikoni anachochea kuni, nikamkabidhi viazi kutoka kwa mama yangu, na kabla sijafungua mdomo akaniambia:

"Lilikataa, siyo?"

Nikamwangalia.

"Ulidhani ukuta wa udongo hauna upande wa pili? Ukisimama pale kivuli chako kinapita chini ya mlango. Hata nilikuwa nalisema polepole ulishike vizuri. Nilikuhurumia na jua."

Hapo nilipasuka. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba ananikomoa. Kwamba anajua kabisa bila lile neno sitaweza kazi, na anachotaka ni mimi nishindwe ili abaki na mtoto wangu. Kwamba mimi sikuzaa kwa ajili ya kumfukuzia mtu upweke. Kama ni upweke afuge paka. Nilisema kwa sauti ya juu, jikoni kwake, mke nisiye na mawe yangu. Binti yangu mgongoni alikuwa kimya kabisa, anasikiliza, mnafiki mdogo.

Mama mkwe aliendelea kuchochea kuni. Nilipoishiwa na pumzi akanisogezea kigoda.

"Kaa. Unataka kujua lilitoka wapi? Kaa basi, huwezi kupewa hadithi umesimama kama askari wa kodi."

Nikakaa.

Akaniambia neno si la malaika wala la nyumbu. Ni la mama mkwe wake yeye, na yule mama alikuwa wa Mfangano, kisiwani, watu waliokuwa na Kisuba chao kabla Kijaluo hakijawameza. Aliletwa akiwa msichana, kwa mtumbwi, kuja kuolewa huku bara na mtu ambaye hajamwona. Alilia tangu walipoacha kisiwa. Wapiga makasia walijaribu kumbembeleza, wakashindwa, wakaanza kumkasirikia, wakaanza kugombana wao kwa wao, nani alisema tutoke na upepo huu, nani hapigi kasia sawasawa, kelele tupu katikati ya maji. Walipokaribia ufuko, mzee wa mbele akasema neno moja kwa Kisuba. Makasia yote yakainuka. Wanaume wakanyamaza. Mtumbwi ukateleza wenyewe hadi mchangani, hakuna sauti ila matone yanayodondoka kutoka kwenye makasia. Naye akajikuta hajalia tena.

"Kwa hiyo maana yake ni inueni makasia?" nikauliza.

"Maana yake ni acheni, tutafika. Hivyo ndivyo aliniambia." Akapuliza moto. "Alipozaa akalijaribu kwa mtoto. Alisema, neno lililofunga midomo ya wanaume wazima wenye hasira litashindwa na mtu asiye na meno?"

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka.

"Alilitumia kwa watoto wa ufuko mzima. Walimletea kutoka hata kule Nyatike ndani. Kisha akanipa mimi, nikiwa na mtoto wa tatu. Angeweza kukataa, nilikuwa mkorofi kama wewe. Akanipa." Akasukuma kuni ndani. "Unajua ni nini kilifuata? Mtoto akilia mapajani mwake, alimwangalia tu. Watu wakasahau kumpa watoto. Mimi mwenyewe nilikuwa namtoa mtoto mikononi mwake, namwambia, lete, lete, huwezi. Nilidhani namsaidia. Alikuwa anabaki na mikono imeshika umbo la mtoto, hivi."

Akanionyesha. Mikono ya mtu mzima imekunjika, ndani hakuna kitu.

"Nikikupa, nitabaki na nini?" akasema. "Wewe una Kemia."

Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya insha za shule, hakuna hata moja la kumpa mtu anayeonyesha mikono ile. Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Na msinielewe vibaya, hasira ilikuwa palepale. Ila sasa ilikuwa na mtu ndani yake.

Hatukulizungumza tena. Krismasi ikapita. Mume wangu akaja, tukachinja jogoo, mzee wa Burma akatusimulia nyumbu upya. Siku za kuondoka zikakaribia na mimi nikaanza kufunga vitu vyangu na vya mtoto pamoja, sufuria, nepi, godoro, bila kumwuliza mtu. Niliamua nitaenda naye hata kama atalia mpaka Migori yote ihame. Mama mkwe aliona vile vifurushi. Alipika tu, vibaya kuliko kawaida yake.

Asubuhi ya kuondoka, godoro likiwa tayari limefungwa kwenye baiskeli, aliniita jikoni. Alikuwa na mtoto mapajani.

"Lete mkono. Huo wa kulia."

Nikampa. Aliugeuza kiganja juu, akakichunguza kama anayenunua mchele, akasema, "Mkono laini. Wa chaki." Kisha akainama, akalisema lile neno ndani ya kiganja changu. Si kwa sauti aliyotumia kwa mtoto; kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayesema neno lake mwenyewe kwa mara ya mwisho. Akakitemea mate kidogo, yale makavu ya baraka, thu.

"Fumba. Usifumbue mpaka alie."

Nikafumba. Mtoto, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuchelewa kunitia aibu, akaanza kulia hapohapo mapajani mwa nyanya yake. Mama mkwe alifungua mdomo. Mazoea. Niliona midomo ikikutana kuanza lile neno. Kisha akaifunga, akanyanyua mtoto kwa mikono miwili, akaninyooshea.

"Haya," akasema. "Mwenyewe."

Nikafumbua kiganja, nikamweka mtoto begani, nikalisema.

Msisubiri muujiza. Mtoto alilia. Alilia hadi kituo cha gari, akalia hadi Migori, akamtapikia abiria leso yake mpya, na katikati ya njia mume wangu aliniuliza kama nina hakika nimelisema sawasawa. Nilimjibu kwa neno jingine, ambalo lina asili na maana inayojulikana. Siku ya kwanza shuleni alilia. Siku ya pili alilia. Mama mwenye shule alipita mlangoni, akasimama, akaenda. Siku ya tatu, watoto arobaini wakiwa wanaimba vokali na yeye akiwa anawashinda wote, nilichoka. Nikamchukua, nikakaa naye sakafuni nyuma ya darasa, nikaacha somo, nikaacha chaki, nikaacha hata kusikiliza kama mama mwenye shule anakuja. Nikalisema nikiwa sina haraka nalo. Na akanyamaza. Akashusha pumzi, akaegemeza uso shingoni mwangu, na darasa zima likageuka kuangalia ni kitu gani kimekosekana.

Sijui ni neno, au ni yeye alichoka kabla yangu. Mama mkwe angesema ni neno. Mimi nasema ni mimi. Kazi ninayo mpaka leo, na neno ninalo, na silitoi, siliandiki, wala msiniombe; atakayelipata ni mke wa mwana ambaye sijamzaa, na hata yeye nitamsumbua kwanza.

Pasaka tulienda Sori. Mama mkwe alimpokea mjukuu wake kwa furaha, akampima uzito mikononi, akasema namnyima chakula. Mchana mtoto alianguka akagonga kidevu, akaanza king'ora. Niliinuka. Mama mkwe alikuwa karibu zaidi, alikuwa tayari amemshika, na nikaona anasubiri mimi nifike na niseme lete. Nikakumbuka ile mikono iliyobaki imeshika umbo la mtoto, nikakaa. Nikajifanya naokota mawe kwenye mchele.

Alimbembeleza alivyoweza. Alimrusharusha, akamwonyesha kuku. Mtoto alilia tu. Kisha akazunguka naye nyuma ya jiko, na nilipoona wanakawia nikaenda nikasimama upande wangu wa ukuta, ule ninaoufahamu vizuri.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, mtoto kwenye paja moja, na mwana-mbuzi aliyekuwa amefungwa akilia kwa upande wake. Alikuwa anawasemea wote wawili maneno. Si lile. Yalikuwa mengine, hayakuwa maneno ya lugha yoyote. Alisema moja, akatikisa kichwa, halikumridhisha. Akasema jingine, refu. Mbuzi akaendelea kulia. Akalikata katikati, akalisema nusu, akaongeza pumzi mwishoni kupitia lile pengo la meno.

Mbuzi akanyamaza. Huenda ni nyasi alizoziona. Lakini binti yangu naye alinyamaza, akageuza kichwa chote, akamwangalia nyanya yake mdomoni.

"Ee," mama mkwe akamwambia. "Hilo umelipenda?"

Nilipita nyuma ya jiko kwa kishindo, nikamwambia nimekuja kuchukua mtoto anyonye. Alinipa bila ubishi, anatabasamu. Tulikuwa tumepanga kukaa siku mbili, na kufikia jioni alikuwa amenishauri, kwa upole sana, kwamba Migori kuna joto, na mtoto angefaidi kubaki Sori mpaka muhula ujao.